Ruhusa Hukaa Aya ya Pili

Barua ifuatayo nimeitunga mwenyewe, lakini mwalimu yeyote wa Kiswahili kati ya Mai Mahiu na Gilgil ameshaisoma mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi wake. Anayeandikiwa ni msimamizi wa Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Longonot.

"KUH: RUHUSA. Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii adhimu kukuandikia nikiwa na matumaini kwamba u buheri wa afya kama nilivyo mimi. Dhamira ya barua hii ni kukuomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wetu kuupanda Mlima Longonot. Wanafunzi wetu wana hamu kubwa ya kuuona mlima huo. Nitashukuru sana iwapo ombi hili litakubaliwa. Wako mtiifu."

Kisarufi haina dosari. Tuseme anwani mbili zipo, ya mwandishi kulia na ya mwandikiwa kushoto, tarehe ipo, na mtajo unamtaja mtu kwa cheo chake. Mtahini anayesahihisha sura ya barua atampa mwandishi karibu alama zote za muundo. Hata hivyo, ofisa anayeipokea hawezi kuijibu. Haidhuru awe na moyo mwema kiasi gani, hajui aruhusu nini.

Tuanze na mlima wenyewe, kwa kuwa ndio unaoipima barua hii. Longonot una urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni takribani kilomita 3.1 za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote, pamoja na kilele chenyewe, ni kilomita 7.2 zaidi, kisha kuna kuteremka. Anayeishia ukingoni hutembea kilomita sita na ushei, na anayezunguka hutembea zaidi ya kumi na tatu, juani, kwenye vumbi la volkano na njia nyembamba. Neno "kuupanda" katika barua yetu limefunika maombi mawili tofauti kabisa. Watoto wa umri wa miaka kumi wanaweza kuruhusiwa la kwanza na kukataliwa la pili, na atakayekataa atakuwa na haki.

Hapo ndipo kasoro ya umbo inapoonekana. Barua ya kuomba ruhusa ina aya ya kwanza inayotaja ombi, aya ya pili inayobeba mambo ambayo ombi linasimama juu yake, na tamati inayosema mwandishi anangoja nini. Barua yetu haina aya ya pili. Pale ambapo zingekaa idadi ya wanafunzi, umri wao, siku, saa ya kuingia na kutoka, walimu watakaoandamana nao, maji, na mtu wa kuitwa likitokea jambo, imekaa "hamu kubwa". Hamu ni ya mwombaji. Anayeamua haiwezi kumsaidia kitu.

Aya ya kwanza nayo imeazimwa kutoka barua ya kirafiki. Kumjulia hali mtu ni adabu nzuri sana, na sitaki Kiswahili kiipoteze. Mzee wa Naivasha ukianza kumweleza shida yako kabla ya kumsalimu, atakuona hukulelewa. Lakini barua rasmi ina salamu yake, nayo ni mtajo: "Kwa Bi. Msimamizi" tayari umesalimu. Kurudia salamu ndani ya kiini ni kumfanya msomaji mwenye rundo la barua mezani alitafute ombi lako kwenye mstari wa nne. Heshima kwa mtu wa kazi ni kutompotezea muda.

Sasa tazama kichwa: "RUHUSA", neno moja. Mstari wa KUH, yaani "kuhusu", huwa na msomaji wake wa pekee, karani wa masijala, ambaye hataisoma barua yote. Kazi yake ni kujua iingie faili gani na ipelekwe meza ipi. Kichwa kinachosema "OMBI LA KUWALETA WANAFUNZI 42 WA DARASA LA SABA KUPANDA HADI UKINGONI, LONGONOT, 14 JUNI" kinamtosha karani, kinamtosha pia mkubwa wake, na siku ya safari kinamtosha askari wa lango anayetaka kujua kama basi lililosimama mbele yake ndilo lililoandikwa. Wasomaji watatu, mstari mmoja. Sijui sehemu nyingine ya uandishi wa Kiswahili inayodai ufupi mkali kama huu, na ninasikitika kwamba darasani hufundishwa kama pambo la kupigiwa mstari chini.

Nisieleweke kwamba ninawalaumu walimu. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, 102/1, swali la kwanza ni la lazima na huwa la utungaji wa kiuamilifu, yaani barua, ripoti, kumbukumbu na kadhalika. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini hukimbilia kinachohesabika kwa urahisi, na anwani huhesabika. Tena anwani zina maana: ya kulia inasema jibu lirudi wapi, ya kushoto inasema nani hawezi kudai kwamba hakuandikiwa. Mstari wa "Kupitia kwa" unaolazimisha barua ya mwalimu ipite kwa mwalimu mkuu si urasimu mtupu. Sahihi ya mwalimu mkuu inasema kwamba watoto hawa wakipotea kasokoni, yuko mtu mwingine aliyejua na kukubali. Na "Nakala" chini kabisa huweka mashahidi. Umbo lote ni mtambo wa kugawa wajibu. Wanafunzi wamepewa sehemu zake bila kuambiwa unasaga nini.

Bonde hilihili la Naivasha limewahi kuona umbo la ombi likitumiwa kwa namna nyingine, katika andiko ambalo msomaji wa barua za ruhusa hana budi kulisoma. Agosti 1904 viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao, waliwekwa kwenye mkataba na Kamishna Donald Stewart. Matokeo yake yalikuwa Wamaasai kuhama bonde la Naivasha na Nakuru, Longonot ukiwamo, kupisha reli na walowezi, na kwenda kwenye maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini.

Tazama andiko la mkataba huo lilivyojengwa. Linaanza kwa sauti ya wanaohamishwa, wakitamka kwamba wameamua kwa hiari yao wenyewe na kwa manufaa yao. Uamuzi mkubwa, wa kuondoka katika ardhi, umeandikwa kama tamko ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Kisha, hiari ikishawekwa juu, yanafuata maombi: wapewe njia ya kuunganisha maeneo yale mawili, na wabakiziwe angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya tohara na sherehe zao. Hapo ndipo lugha ya kuomba inapoingia. Wenye bonde wanatamka kuwa wanalitoa, halafu wanaomba kipande chake. Katika barua ya kawaida mwombaji huomba kisicho chake. Hapa umbo limegeuza chao kuwa cha kuombwa, kwa mpangilio tu wa aya, na kalamu haikuwa mkononi mwao.

Andiko lilifunga kwa ahadi kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ulikuja mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia. Ole Gilisho, mmoja wa viongozi wao, na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola kwa dola, hivyo haikuwa ya mahakama za koloni kuamua. Ahadi ya tamati haikuwa na mtu wa kuidai kwake.

Ninaileta habari hii kwa sababu swali la kwanza la kuuliza juu ya ombi lolote ni hili: kinachoombwa ni cha nani? Msimamizi wa mbuga ana mamlaka juu ya lango lake, na kumwomba ni sawa. Mkutano wa hadhara ni jambo jingine. Nchini Kenya, hadi 1997 aliyetaka kuuitisha alihitaji leseni ya utawala. Mageuzi ya mwaka huo katika Sheria ya Utulivu wa Umma yaliiondoa leseni na kuweka arifa: unamwarifu mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla, ukitaja jina na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia ya maandamano. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kikaithibitisha haki yenyewe. Hata hivyo bado watu huandika "naomba uniruhusu", na kwa kuandika hivyo humrudishia ofisa mamlaka ambayo sheria ilimwondolea. Arifa ina umbo lilelile la barua rasmi, anwani zilezile, KUH ileile, ila tamati yake haingojei neno "ndiyo".

Ombi la habari kutoka ofisi ya umma liko katikati ya hayo mawili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisa aamue ndani ya siku 21 tangu alipolipokea, au saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Hapa mwombaji anaomba kilicho chake, na sheria imempa ofisa saa ya kujibia.

Kwa hiyo ukiiandikia ofisi yoyote Naivasha au Nakuru kuomba habari za namna hiyo, andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Jaza aya ya pili, weka tarehe, peleka nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla ya moja kugongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kuanzia mhuri huo.