Zaburi Mbili, Bawaba Moja

Zaburi ya 111 na ya 112 ni pacha. Kila moja ina aya 10, kila moja inafunguka kwa Haleluya, na baada ya neno hilo kila moja ina mishororo 22 iliyopangwa kwa mfuatano wa herufi za Kiebrania, kuanzia alefu hadi tavu. Aya 8 za mwanzo zinabeba herufi mbili mbili. 2 za mwisho zinabeba tatu tatu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili haoni lolote kati ya haya, kwa kuwa herufi hazitafsiriki. Anaona nyimbo mbili fupi, ya kwanza ikimsifu Mungu, ya pili ikimsifu mtu mwema, naye anazipita haraka akielekea ya 121. Hata mimi nilizipita hivyo kwa miaka mingi.

Tungo za kufuata herufi si ngeni kwetu. Washairi wa kale wa pwani walitunga kwa kufuata herufi za Kiarabu, na Dura Mandhuma ni mfano mmoja. Jina lenyewe lina maana ya lulu zilizotungwa uzini. Anayetunga hivi amejifunga mwenyewe. Hawezi kusema lolote popote, maana kila wazo linangoja zamu ya herufi yake. Kwa hiyo mahali neno lilipokaa pana uzito sawa na neno lenyewe.

Siku moja nilichukua karatasi ya daftari, nikaigawa katikati kwa penseli, kushoto nikaandika mishororo ya 111 na kulia ya 112, herufi kwa herufi. Nilipofika vavu, herufi ya 6, mkono ulisita. Mshororo ulikuwa ule ule, neno kwa neno, ukisema kwamba haki yake haina mwisho. Kushoto anayesemwa ni Mungu. Kulia ni mtu amchaye Mungu. Nikaendelea. Heti, herufi ya 8: kushoto Mungu ana neema na huruma, kulia sifa hizo hizo mbili, kwa mpangilio ule ule, zinaelekea kuwa za mtu, ingawa wapo wanaosoma kwamba hata hapo anasifiwa Mungu. Sameki, herufi ya 15: kushoto maagizo ya Mungu yamethibitishwa milele, kulia moyo wa mtu umethibitika, kwa mzizi ule ule wa kitenzi.

Nililaza penseli. Kukua kiroho nilikuwa nimekusikia kukielezwa kama ngazi: kuokoka, kubatizwa, kutumika, kuongoza. Mtunzi huyu anakuonyesha kwa namna nyingine kabisa. Mtu wake amekua mpaka maneno yaliyomstahili Mungu yanaweza kutamkwa juu yake bila kufuru, kila neno katika nafasi ile ile lilikokaa mwanzoni. Hakuna mahali zaburi inapotangaza kwamba mtu amefanana na Mola wake. Mpangilio ndio unaosema.

Ni nini basi kinachomvusha mtu kutoka safu ya kushoto hadi ya kulia? Bawaba iko kwenye mpaka wa zaburi hizi mbili. Aya ya mwisho ya 111 inaanza na herufi reshi, kwa neno lenye maana ya mwanzo, na kinachotajwa kuwa mwanzo wa hekima ni kumcha Mungu. Mara tu baada ya Haleluya, 112 inampa heri mtu mwenye kicho hicho. Tazama ilivyo ajabu: mwanzo umewekwa mwishoni. Mtu atasema ni herufi tu iliyolazimisha, kwani reshi ni ya 20 kati ya 22. Sawa, lakini fundi mzuri hupokea kile ambacho umbo linamlazimisha na kukifanya chake. Aya 9 zimepita tukitazama kazi za Mungu, chakula alichowapa wamchao, agano analolikumbuka, ukombozi aliowapelekea watu wake. Ukiondoa Haleluya, hatujaamrishwa jambo hata moja. Kicho kinazaliwa kwa kutazama, na hapo ndipo mtu anaanza.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, kitenzi kifupi mno: kucha. Leo kimebaki karibu kwa Mungu peke yake, misikitini na makanisani vilevile. Kwa mengine yote, simba, deni, ugonjwa, tunaogopa. Tafsiri ya Biblia ya 1952 imefuata utengano huo, nami naushukuru, kwa sababu mtoto anayemwamkia babu yake shikamoo hamkimbii. Ila kuna kitu kimefichika. Katika Kiebrania kumcha Mungu na kuogopa ni mzizi mmoja, na 112 inauchezea kwa makusudi: inaanza kwa mtu mwenye kicho, kisha aya ya 7 na ya 8, kwa mzizi ule ule, zinakana hofu yake mara mbili. Aliyemcha Mmoja hana tena cha kumwogopesha. Msomaji wa Kiswahili anapewa maneno mawili yasiyofahamiana, fumbo linampita.

Na hofu inayokanwa aya ya 7 ni ya habari mbaya. Kwetu simu ikilia saa nane za usiku, kila aliyemo nyumbani anajua inaweza kuwa nini kabla haijapokelewa. Zaburi haisemi kwamba simu haitalia. Inachukulia kwamba habari zitafika, kama aya ya 4 inavyochukulia kwamba giza lipo kabla ya nuru kuzuka ndani yake. Kilichobadilika ni moyo unaozipokea.

Wahubiri wa mafanikio wanaipenda aya ya 3 ya 112, inayotaja mali na utajiri nyumbani mwa mtu huyu. Wanaikata peke yake. Rudi kwenye karatasi yenye safu mbili. Herufi he: kushoto utukufu na adhama ya Mungu, kulia mali na utajiri wa mtu. Kisha shuka hadi pe, herufi ya 17: kushoto Mungu anawapelekea watu wake ukombozi, kulia mtu anatawanya na kuwapa maskini. Mali iliyoingia kwa he imetoka kwa pe. Na mshororo wa haki isiyo na mwisho, uliosikika baada ya utajiri, unarudi baada ya kutawanya. Utajiri ukiachwa bila mtawanyo, zaburi imekatwa katikati.

Mtume Paulo aliisoma mpaka huko. Anapowahimiza Wakorintho wawachangie waumini maskini wa Yerusalemu, katika waraka wake wa pili kwao, sura ya 9, ananukuu mishororo hiyo ya kutawanya na haki. Wafafanuzi wanabishana: haki inayotajwa hapo ni ya Mungu au ya mtoaji? Kwa aliyeziweka zaburi mbili ubavu kwa ubavu, ubishi huo unaeleweka, maana mshororo huo umekuwa wa wote wawili tangu zamani. Aya inayofuata Paulo anazungumzia mbegu na Mungu anayekuza mazao ya haki. Kukua kwenyewe ndiko huko, na kunaonekana mkononi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopanga masomo ya ibada, wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa. Msizitenganishe. Zisomwe Jumapili moja, kwa sauti mbili, ya 111 kwanza, na msomaji wa pili aanze pale pale wa kwanza anapomaliza kutamka kicho.