Mitindo Mingi, Mkono Mmoja: Jinsi ya Kuipima A Night at the Opera

Albamu ya roki yenye mseto wa mitindo husifiwa upesi na kulaumiwa upesi vilevile. Anayeisifu huhesabu: hapa opera, pale jazi, kule wimbo wa mabaharia. Anayeilaumu naye huhesabu hivyohivyo, kisha akakumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote. Wote wawili wanatumia kipimo kibovu. Kuchanganya si kazi ngumu. Bendi yenye fedha inaweza kukodi wapiga tarumbeta na mpiga kinubi ikamaliza shughuli jioni moja. La kuuliza ni kama kila mtindo umefanyiwa kazi hadi ukawa mali ya bendi yenyewe, na kama umeitwa kwa sababu. A Night at the Opera, albamu ya nne ya bendi ya Queen iliyotoka Uingereza Novemba 1975, inafaa sana kwa kujifunzia kipimo hicho, kwa kuwa nyimbo zake 12 zina mafanikio makubwa na walau udhaifu mmoja ulio wazi.

Anza na Good Company, wimbo ambao wengi huupita wakikimbilia Bohemian Rhapsody. Brian May, mpiga gitaa wa bendi, anaimba huku akijipigia ala ndogo ya jamii ya ukulele, na kadiri wimbo unavyosonga inaingia bendi nzima ya jazi ya kizamani: tarumbeta, klarineti, tromboni. Ukweli ni kwamba studioni hamkuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Sauti zote zimetoka kwenye gitaa la umeme la May, lile alilolitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, ambalo shingo yake ilichongwa kutoka mbao ya meko ya zamani. Kila ala aliirekodi peke yake, kipande kwa kipande, kisha akazipanga zikajibizana. Vaa hedifoni usikie jinsi tromboni hiyo ya nyuzi inavyoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, na jinsi klarineti inavyorukaruka juu yake. Gitaa haliishiwi pumzi, lakini hapa linakatisha sauti pale ambapo mpulizaji angevuta hewa. Huwezi kuigiza hivyo bila kuijua jazi kwa undani. Seaside Rendezvous imejengwa kwa nidhamu hiyohiyo: ala za kupuliza ni vinywa vya mwimbaji Freddie Mercury na mpiga ngoma Roger Taylor, na vishindo vya viatu vya wacheza dansi ni kastabani, zile kofia za kidole za mafundi cherehani, zikigongwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti.

Baada ya ufundi, pima sababu. Katika '39, May anatumia umbo la wimbo wa kale wa kijijini, gitaa kavu na kiitikio cha kuimbwa na watu wengi, kusimulia habari za wasafiri wa anga za juu. Kwao umepita mwaka mmoja. Wakirudi duniani wanakuta imepita karne na waliowapenda wamezeeka au wamekufa. May alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya nyota kabla ya umaarufu, na hesabu ya safari hiyo inatoka katika nadharia ya Einstein. Umbo la kale limechaguliwa kwa sababu maombolezo ya baharia aliyekawia kurudi yanafahamika tayari masikioni, na ndiyo yanayoifanya fizikia iume. Toa mtindo huo, weka gitaa la kelele, na hadithi inapungua nusu ya uzito wake.

Juu ya hivyo viwili kuna kipimo cha tatu, maungio: jinsi mtindo mmoja unavyoupokea mwingine. The Prophet's Song, wimbo wa zaidi ya dakika nane wenye sauti zinazofukuzana kama mwangwi, unapofifia unauachia nafasi Love of My Life bila kimya katikati, na utulivu wa piano na kinubi unasikika kama hewa safi baada ya dhoruba. Ndani ya Bohemian Rhapsody kuna maungio ya namna mbili. Gitaa linatutoa taratibu kwenye huzuni ya piano, kisha linakatwa ghafla ili opera ianze. Mwisho wa opera sauti ya Taylor inapanda hadi kileleni na roki nzito inaipokea hapohapo. Kila mlango umejengwa kwa namna yake, na msikilizaji hapotei.

Wapo wanaosema haya yote ni mbwembwe za studio. Wanao ushahidi: jukwaani bendi ilikuwa ikiondoka na kuiacha kanda ipige sehemu ya opera. Lakini kushindikana jukwaani hakuthibitishi kwamba kazi ni hafifu. Kunaonyesha tu kuwa santuri ni sanaa yenye sheria zake, kama vile filamu isivyodaiwa kuigizwa jukwaani. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba si kila wimbo unasimama. Nakubali. Sweet Lady ni dhaifu, gitaa lake ni la kawaida na halina la kusema. Ila tazama: huo ni kati ya nyimbo zilizo roki tupu kuliko zote. Kama mseto ndio ungekuwa ugonjwa, wimbo usio na mseto ungekuwa mzima kuliko nyingine.

Kwetu sisi kuna kishawishi kingine, cha kueleza kila kitu kwa Unguja, kwa kuwa Mercury, Farrokh Bulsara, alizaliwa huko mwaka 1946 na kuondoka 1964. Fahari hiyo ni halali, ila haitoshi kuwa hoja. '39 na Good Company ni tungo za May, Mwingereza, na vichekesho vya Seaside Rendezvous vinatokana na kumbi za burudani za Uingereza. Unguja inatusaidia kwa njia nyingine: msikilizaji wa taarabu ameshazoea kusikia kanuni, fidla na akodiani kutoka pande mbalimbali za dunia, wala hawasifu wanamuziki kwa wingi wa ala. Huuliza kama zinambeba mwimbaji.

Sikio hilohilo lipeleke kwa Queen. Isikilize albamu nzima kwa mpangilio wake, pande zote mbili, na uiache Bohemian Rhapsody ikufikie kwa zamu yake, ya pili kutoka mwisho. Kwa vipimo hivi vitatu, Good Company inastahili kukaa nayo meza moja.