Mwili wa Udongo

Chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo. Lugha yenyewe imekiri kuwa udongo ukifinyangwa hupata mwili. Huko Ilesi, karibu na mji wa Kakamega, wafinyanzi, wengi wao wanawake, huujenga mwili huo kwa mikono ili uhifadhi maji na kupika chakula.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971, ameutwaa mwili huo akaupumzisha kazi. Vyombo vyake hujengwa bila gurudumu, kisha husuguliwa mpaka ving'ae. Moto wa kwanza huvitia wekundu. Moto wa pili, ulionyimwa hewa, hugeuza baadhi yake vyeusi. Shingo huinama kama ya mtu asikilizaye, na tumbo hujaa kama la mama mjamzito. Kanga humsemea mvaaji kwa maandishi yake, ambayo watu huyaita jina. Chombo hiki hakina neno, nacho husema kwa umbo tu.

Je, kwa kuwa chombo cha Odundo kimo katika British Museum, na cha Ilesi kimo jikoni, kimoja ni sanaa na cha pili sicho? Hasha! Odundo atufunza kuutazama mwili. Mfinyanzi wa Ilesi atukumbusha kuwa mwili huheshimika kwa kazi. Nafsi ya mtu yataka yote mawili, kupendeza na kufaa. Basi, msomaji, kabla hujateka maji mtungini, utazame kwanza.