M20 au G3/L: Pikipiki ya Vita kwenye Njia za Robanda

Kutoka kijiji cha Robanda, pikipiki haiendi kila inakotaka. Upande wa Lango la Ikoma ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na humo pikipiki haziruhusiwi. Zinabaki barabara za moramu za kuelekea Mugumu na Natta, pamoja na vijia vinavyokata mbuga za udongo mweusi. Hapo ndipo nataka kuzipima mashine mbili za Kiingereza za Vita Kuu ya Pili: BSA M20 na Matchless G3/L. Wapenzi wa pikipiki kuukuu wakibishana juu ya hizi mbili huanza na injini. Naona wanaanzia pasipo.

Lakini tuwafuate kidogo. M20 ina silinda moja ya cc 496, na valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda badala ya kuwa juu yake. Ilitoa nguvu ya farasi 13 tu. Boxer ya cc 150 iliyojaa kwenye vijiwe vya bodaboda inaikaribia sana, tena kwa injini isiyofika theluthi ya ile. Tofauti ni mahali nguvu inapopatikana. Boxer lazima izunguke zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. M20 hufika kileleni kwenye mizunguko 4,200 hivi, na msukumo wake unaanza chini kabisa. Kwenye tope unaiachia gia ya pili ikajivuta yenyewe, bila kuunguza klachi. G3/L ina cc 347, valvu zake ziko juu, na inatoa farasi 16, ila inataka kuzungushwa zaidi. Mwinuko wa Robanda, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, unazipunguzia zote mbili karibu sehemu moja ya nane ya nguvu, kwa hiyo hapo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Mafuta nayo hayaamui. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara haina cheti, na uchakachuaji kwa mafuta ya taa uliwahi kuota mizizi kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukata. Petroli iliyochanganywa hivyo hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na injini ya leo yenye mgandamizo wa tisa kwa moja hugonga na hata kutoboka pistoni. M20 inagandamiza kama tano kwa moja, G3/L karibu sita. Zilibuniwa kwa petroli hafifu ya jeshi. Zitakunywa ya chupa bila kulalamika sana.

Joto ndilo linaloanza kuzitenganisha. Kwa kuwa valvu ya moshi ya M20 iko ubavuni, moshi wa moto hupita ndani ya mwili wa silinda kabla ya kutoka, na upande mmoja wa silinda hupata moto kuliko mwingine. Ukikokota kwa gia ya kwanza kilomita kadhaa, upepo ukiwa mgongoni, injini inachemka na kulegea. Haifi upesi, hiyo ni sifa yake ya kweli, lakini itakulazimisha kusimama. Matchless hutoa moshi wake kwa juu, kwenye hewa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani gurudumu la mbele. Zote mbili hazina shokapu nyuma; kiti kina springi zake, basi. Kazi yote ya kumeza mashimo iko mbele. M20 ina foki ya zamani ya vyuma vilivyounganishwa kwa pini, yenye springi moja kubwa katikati, na mrudio wake unatulizwa kwa visahani vinavyosuguana, ambavyo dereva huvikaza kwa mkono. Vumbi la moramu likiingia humo, visahani vinateleza au vinang'ang'ania, na pini zinalika. Kwenye vile vituta vidogo vinavyofuatana ambavyo malori huviacha barabarani, gurudumu hurukaruka badala ya kufuata ardhi, na gurudumu lililo hewani halikati kona wala halishiki breki. G3/L, iliyotoka mwaka 1941, ilikuja na foki za mabomba mawili yenye oili ndani, mfumo ambao hadi leo uko kwenye bodaboda zote. Oili hutuliza mrudio kila safari kwa kiasi kilekile, na vumbi linabaki nje ya sili. Ongeza kwamba G3/L ni nyepesi kwa karibu kilo 20, jambo utakalolielewa vizuri siku utakapoiinua peke yako kutoka kwenye udongo mweusi.

M20 inarudisha pigo kwenye vipuri. Zilitengenezwa zaidi ya 120,000, na jeshi la Uingereza liliendelea kuzitumia miaka mingi baada ya vita. Kadiri zilivyo nyingi, ndivyo vipuri vyake vinavyopatikana, na safarini hilo si dogo. Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliotoka London Desemba 1934 na kufika Cape Town Julai 1935 kwa Panther ya cc 598 yenye kigari cha pembeni, wakipita pia Tanganyika, injini yao iliwafia Sahara wakangoja nyingine kutoka kiwandani. Wao walikuwa na kiwanda. BSA na Matchless zile hazina tena.

Hata hivyo ningepanda Matchless. M20 ningemwachia mwenye kubeba mizigo.

Kuna tahadhari tatu zinazohusu zote. Gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha bodaboda. Nyumbu akikatiza ghafla, mguu uliozoea Boxer utakanyaga gia ukidhani ni breki. Ya pili ni magneto. Gundi ya zamani inayofunika waya zake hulainika kwa joto: asubuhi pikipiki inawaka kwa kiki moja, mchana ikizimwa haiwaki tena mpaka ipoe. Fundi asugue plagi na kufungua kabureta atakavyo, haitasaidia. Magneto isukwe waya mpya kabla ya kingine chochote. Ya tatu, spana zinunuliwe pamoja na pikipiki, kwa kuwa namba 10, 12 na 14 za fundi wa Mugumu hazishiki nati za Kiingereza hata moja sawasawa.