Thamani ya Majaribio ya Vipande katika Programu za Biashara: Uhakiki wa Hoja za Beck na Coplien kwa Kuzingatia Ushirika wa Maziwa Mkoani Tanga

Kwa mujibu wa Beck (2003), mwandaaji programu anapaswa kuandika jaribio kwanza, alione likishindwa, kisha aandike msimbo wa kulitimiza. Jaribio la namna hiyo hupima kipande kimoja cha programu kikiwa peke yake. Coplien (2014) anadai kuwa mengi ya majaribio hayo ni upotevu, isipokuwa yale yanayopima kanuni muhimu za ukokotoaji zenye kigezo huru cha usahihi na manufaa bayana kwa biashara. Uhakiki huu unapima hoja hizo kwa mfano wa malipo ya maziwa.

Mkoani Tanga, wafugaji wadogo wa wilaya kama Muheza, Korogwe na Lushoto hupeleka maziwa katika vituo vya vyama vya msingi vya ushirika. Vyama hivyo vimeungana chini ya chama kikuu cha TDCU, na kiwanda cha Tanga Fresh ni soko lao kubwa. Tuseme chama kimoja kinaandaliwa programu ya malipo. Kipande cha kwanza kinapokea kipimo cha mizani, cha pili kinazidisha lita kwa bei, na cha tatu kinaondoa makato ya mkopo na chakula cha mifugo. Hapa hoja ya Beck ina nguvu. Bei na makato hubadilika mara kwa mara, na kila badiliko laweza kuharibu kilichokuwa sahihi jana. Jaribio dogo hubaini uharibifu huo kabla mfugaji hajapunjwa.

Hata hivyo, mizani hupima kilo, na lita moja ya maziwa ina uzito wa takribani kilo 1.03. Endapo kipande cha kwanza kitatuma kilo 1,030 na cha pili kikazisoma kama lita, chama kitalipia lita 30 ambazo hazipo. Majaribio ya vipande vyote yatafaulu, kwa kuwa kosa limo katika makabidhiano. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea mwaka 1999 kwa kosa la jinsi hiyo: programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazichukulia kuwa za metriki.

Udhaifu wa pili unahusu maana. Karani anayeandika kuwa maziwa yalipokelewa saa 2 asubuhi anakusudia saa 8:00 kwa hesabu ya kompyuta. Mwandaaji asiyezingatia hilo ataandika msimbo wenye kosa, kisha jaribio lenye kosa lilelile. Jaribio hilo litafaulu, lakini litakuwa limethibitisha uelewa wa mwandaaji tu, si haki ya mfugaji.

Kwa msingi huo, sharti la Coplien kuhusu kigezo huru linakubalika. Lakini hitimisho lake halizingatii vya kutosha hali ya ofisi ndogo inayomtegemea mwandaaji mmoja. Siku atakapoondoka, majaribio yake yaweza kuwa maandishi pekee yanayoeleza jinsi makato yanavyokokotolewa. Thamani hiyo haionekani katika hesabu ya hitilafu zilizogunduliwa.

Hivyo basi, majaribio ya vipande yana faida katika programu za biashara pale yanapolinda kanuni za fedha, na pale matokeo yanayotarajiwa yanapokokotolewa kwa mkono na karani, si na mwandaaji mwenyewe. Wingi wake si ushahidi kwamba mfumo mzima ni sahihi. Ushahidi huo unahitaji jaribio linaloanzia kwenye mizani na kuishia kwenye hati ya malipo, likilinganishwa na daftari la kituo. Chama chenye fedha chache kinachokosa jaribio hilo kitakuwa kimegharamia uhakika wa sehemu, huku hasara ikipita katikati yake.