Chapa ya Fosfeti

Hapa Iftin, mjini Garissa, jirani yangu hukifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kumimina maziwa ya ngamia. Siku moja au mbili baadaye ni susa, maziwa yaliyochachuka. Hapimi kitu, hunusa tu. Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba susa ya Kenya na Somalia imetawaliwa na bakteria wa Streptococcus infantarius, na tangu nijue hivyo nikikiona kibuyu kile nawawaza mafundi waliomo ndani.

Bakteria asipopata fosfeti hana DNA, hana ATP ya kumpa nishati, hana hata utando unaomzunguka. Lakini utando huo ni mafuta, na fosfeti ina chaji ya umeme. Tia chumvi kwenye samli uone: haiyeyuki, inatua chini. Basi mlango hauna budi kujengwa.

Mlango ninaousifu unaitwa Pst, nao umechunguzwa zaidi katika Escherichia coli. Fosfeti ikiadimika, bakteria hutengeneza kwa wingi protini ya PstS, mkamataji. Mwaka 1990 Hartmut Luecke na Florante Quiocho walionyesha inavyoshika: vifungo 12 vya haidrojeni, pande zote, bila chembe ya maji katikati. Salfeti inakaribia kufanana na fosfeti kwa umbo na ukubwa, lakini haipokelewi. Fosfeti huja na haidrojeni yake, na ndani ya PstS ipo asidi ya aspatiki inayoingoja haidrojeni hiyo. Salfeti haina, hivyo inasukumwa nje. Wachungaji wetu humtambua ngamia wao kisimani, katikati ya mamia, kwa chapa aliyochomwa. Huku chapa ni atomu moja!

Kisha PstC na PstA hufungua njia ndani ya utando, na PstB huvunja ATP ili fosfeti ipite. ATP yenyewe imebeba fosfeti tatu. Yaani bakteria hulipa fosfeti kwa fosfeti, na aliyoilipa haitoki nyumbani. Hesabu safi kama hiyo sijaiona sokoni. Neema ikirudi, ujenzi wa Pst hupungua, na mlango mwingine, Pit, usiokula ATP, unatosha.

Kiangazi kikishika, ngamia hutafuna mifupa wanayoikuta njiani, wakiitafuta fosfeti hiyo hiyo kwa meno.