Miezi Minne kwenye Kiti cha Dakta Dahl

Anayeujua wimbo "All by Myself", ulioanza na Eric Carmen mwaka 1975 na kuimbwa upya na Celine Dion mwaka 1996, amekwisha kuisikia kazi ya Sergei Rachmaninoff hata kama jina hilo ni geni kwake. Carmen aliujenga ubeti wa wimbo ule juu ya sehemu ya pili ya Koncheto ya Piano Namba 2, ambayo Mrusi huyo aliitunga kati ya mwaka 1900 na 1901. Kazi hiyo mtunzi aliitabaruku kwa Bwana N. Dahl. Huyu Nikolai Dahl hakuwa mpiga piano maarufu, wala tajiri mfadhili, wala mwongozaji wa okestra. Alikuwa daktari wa Moscow, na tiba aliyompa Rachmaninoff ilikuwa hipnosisi.

Kisa hiki husimuliwa kwa haraka mno: mtunzi alikwama, daktari akamlaza, akaamka na muziki kichwani. Haikuwa hivyo. Nakiona kuwa kisa cha thamani kubwa kwa yeyote anayejiuliza kama hipnosisi inaweza kuufungua ubunifu, kwa sababu tunajua kwa kiasi kizuri daktari alisema nini, alirudia kwa muda gani, na mgonjwa alifanya nini baada ya hapo. Tunaweza kuichambua kazi yenyewe na kuona ufundi ulikuwa wapi.

Tuanze na ugonjwa. Machi 1897, Rachmaninoff akiwa anakaribia miaka 24, Simfoni yake ya Kwanza ilipigwa St Petersburg chini ya uongozaji wa Alexander Glazunov. Mazoezi hayakutosha na onyesho likaharibika. Mtunzi mwenzake César Cui aliandika uhakiki wa kikatili, akaifananisha kazi ile na masimulizi ya mapigo ya Misri, akasema ingewafurahisha wakazi wa jehanamu. Rachmaninoff hakuiruhusu simfoni hiyo ipigwe tena maisha yake yote. Ilifufuliwa mwaka 1945, yeye akiwa amekwisha kufariki, kutokana na karatasi za wapigaji zilizokutwa Leningrad.

Baada ya pigo lile alikaribia kunyamaza kabisa kama mtunzi. Kama mtunzi, nasisitiza, kwa sababu mikono haikunyamaza. Alikwenda kuongoza okestra katika opera binafsi ya tajiri Savva Mamontov mjini Moscow, akafanya kazi ile vizuri, na huko akajenga urafiki na mwimbaji Feodor Chaliapin. Mwaka 1899 alikwenda London, akapiga piano na kuongoza, na Waingereza wakataka arudi na koncheto mpya. Kwa hiyo aliyekuja kukaa mbele ya Dahl alikuwa fundi kamili aliyefungwa sehemu moja tu: kila alipokaa kuandika noti mpya, hukumu ilitangulia kabla ya wazo. Uchambuzi wowote unaosahau jambo hili utampa daktari sifa isiyo yake.

Kabla ya Dahl ilijaribiwa dawa nyingine. Mapema mwaka 1900 watu waliomtakia mema walimpeleka kwa Lev Tolstoy, wakiamini kwamba maneno ya mwandishi mkuu wa Urusi yangemwinua kijana. Tolstoy alimpa nasaha kuhusu kufanya kazi kila siku, kama alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe. Rachmaninoff alirudi tena, safari hii akiwa na Chaliapin, na baada ya kupiga na kuimba mzee akahoji kama kuna mtu anayeuhitaji muziki wa namna ile. Kijana alitoka pale akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia.

Ni vyema kuwaweka Tolstoy na Dahl pamoja, kwani wote wawili walitumia maneno matupu. Mmoja alikuwa na heshima ya dunia nzima, mwingine hakujulikana nje ya wagonjwa wake. Tolstoy alizungumza na mtu aliye macho kabisa, aliyejiweka tayari kupimwa, na maneno yake yakapokewa kama hukumu nyingine juu ya zile za Cui. Hata nasaha njema, ikimfikia mtu aliyekwisha kujihukumu, hugeuka ushahidi dhidi yake: naambiwa nifanye kazi kila siku, siwezi, basi mimi si mtunzi. Dahl alihitaji njia ya kuyafikisha maneno bila kupita mbele ya hukumu hiyo ya ndani.

Njia hiyo tayari ilikuwa na historia ndefu barani Ulaya. Mwaka 1784 tume ya wataalamu mjini Paris, Benjamin Franklin na Antoine Lavoisier wakiwamo, ilikagua mafundisho ya Franz Mesmer kuhusu nguvu ya sumaku ya mwilini, na kuona kwamba kilichowatikisa wagonjwa kilitokana na mawazo yao wenyewe. Wengi waliuchukua uamuzi huo kuwa kifo cha jambo zima. Kumbe ndani yake kulikuwa na ugunduzi, kwa kuwa kama mawazo yanaweza kumwangusha mtu mzima sakafuni, basi yanastahili kuchunguzwa. Daktari James Braid wa Uingereza aliliweka somo hilo kwenye msingi wa kitabibu mwaka 1843. Mwishoni mwa karne hiyo Ufaransa ilikuwa na kambi mbili. Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliiona hipnosisi kuwa dalili ya maradhi ya neva. Hippolyte Bernheim wa mji wa Nancy alishika kwamba ni hali ya kawaida ya binadamu, na kinachofanya kazi ni kauli ya tabibu inapopokelewa bila kupingwa. Wakati umempa haki Bernheim. Na alichokifanya Dahl, tukikitazama kwa vitendo, ni kazi ya mtindo wa Nancy.

Msomaji wa pwani huenda akazikumbuka ngoma za kupunga pepo. Tuzitenganishe mapema. Kule kuna ngoma, kuna jamaa na majirani, na anayezungumza huhesabiwa kuwa ni pepo aliyempanda mteja. Katika chumba cha Dahl hakukuwa na mgeni yeyote aliyeingia mwilini. Palikuwa na watu wawili, kiti cha kuegemea na sauti ya chini.

Rachmaninoff alikisimulia kipindi hicho miaka mingi baadaye kwa Oskar von Riesemann, aliyechapisha masimulizi hayo mwaka 1934. Mwenyewe hakuridhika na kila kilichomo kitabuni, hivyo tukisome kwa tahadhari. Lakini sehemu ya Dahl ina umbo la kuaminika kwa sababu haina miujiza. Anasema alikwenda kwa daktari kila siku kuanzia Januari hadi Aprili 1900. Alikuwa akilala nusu usingizi kitini, na daktari akimrudishia kauli ileile siku baada ya siku: utaanza kuandika koncheto yako, utafanya kazi kwa wepesi, na koncheto itakuwa nzuri.

Hebu tuipime kauli hiyo. Haisemi "usiogope" wala "sahau yaliyopita". Aliye na hofu ukimwambia asiogope, umeitaja hofu, naye ataifuata. Pili, haigusi thamani ya mtu. Dahl hakumwambia kijana kwamba yeye ni mtunzi mkubwa, jambo ambalo hakimu wa ndani angelikanusha papo hapo. Alizungumzia kazi. Tatu, aliitaja kazi moja kwa jina. Kabla ya kuanza tiba aliwauliza jamaa wa Rachmaninoff wanataka atunge kitu gani, wakamjibu koncheto ya piano, ile iliyoahidiwa London. Kama angemwelekeza kwenye "ubunifu" kwa jumla, kauli ingeelea hewani. Mwisho, maneno yalikaa katika wakati ujao, mahali ambapo hakuna uhakiki uliokwisha kuandikwa.

Kuna jingine ambalo wasimulizi hulipita. Dahl alishughulikia pia usingizi wa usiku, hamu ya chakula na moyo wa mchana. Tena alikuwa mpenzi wa kweli wa muziki, na inasimuliwa kwamba yeye na mgonjwa wake walizungumza sana juu ya muziki. Alipiga vinanda vya nyuzi, na baada ya kuhamia Beirut katika miaka ya 1920 alipiga viola katika okestra huko. Mtunzi hakusikia kauli ya mtu asiyejua koncheto ni nini. Kuaminiwa huku ni sehemu ya ufundi, na pengine ni sehemu kubwa kuliko kufumba macho.

Na kuna jambo ambalo, kwa masimulizi ya Rachmaninoff, Dahl hakulifanya. Hakumrudisha kwenye usiku wa 1897 ili kutafuta mzizi wa jeraha. Miaka hiyohiyo Sigmund Freud, aliyesoma kwa Charcot na kumtembelea Bernheim mjini Nancy, alikuwa amekwisha kuiacha hipnosisi na kushika njia ya kufukua yaliyopita. Kila njia ina watu wake. Lakini kuchanganya hizo mbili, kumlaza mtu na kisha kumfukulia kumbukumbu, kumeleta madhara makubwa. Aliye katika hali hiyo huweza kujenga kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea na kuiapia kwa moyo wake wote, ndiyo maana mahakama nyingi za Marekani ziliuwekea mipaka mikali ushahidi uliopatikana kwa hipnosisi. Anayetafuta kukua kwa njia hii amuulize anayemhudumia swali hili kabla ya kukaa kitini: tunakwenda kufukua au kuelekeza?

Tiba ilipokwisha hakukuwa na koncheto. Hapa ndipo kisa kinaponipendeza zaidi. Ilikuja majira ya joto, mawazo yakaanza kukusanyika, na Rachmaninoff akaandika, akiwa macho, mezani, kwa kalamu. Hakuanza na mwanzo. Aliandika kwanza sehemu ya pili na ya tatu, zikapigwa Moscow Desemba 1900. Na ile sehemu ya pili, yenye utamu uliomfikia Eric Carmen miaka 75 baadaye, inafunguliwa na mtiririko wa noti za piano alioutoa katika kipande chake cha mwaka 1891, alichowaandikia wapigaji watatu wa piano moja. Kwa maneno mengine, kazi ya kwanza baada ya kufunguliwa haikuwa ngeni kwake. Ilikuwa akiba. Alichopewa na Dahl ni ruhusa ya kuishika akiba hiyo bila mkono kutetemeka.

Sayansi ya leo inasaidia kueleza kwa sehemu. Anayefanyiwa hipnosisi hajalala. Ubongo wake uko macho, ila umakini umekusanywa mahali pamoja na ukaguzi wa nafsi umelegea. Watu hutofautiana sana: vipimo vilivyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford na André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard mwaka 1959 vinaonyesha wachache wanaozama kwa urahisi mkubwa, wachache wasiozama kabisa, na wengi walio katikati. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 uliwapima watu walewale baada ya miaka 25, ukakuta nafasi zao hazijabadilika sana. Irving Kirsch amesisitiza nguvu ya matarajio: mtu anayeamini kwamba jambo litatokea huwa amekwisha kuanza kulitekeleza. Kauli ya Dahl ilikuwa mtambo wa matarajio, uliowashwa kila siku kwa miezi minne.

Lakini Rachmaninoff anasema "nusu usingizi", na inawezekana alisinzia kweli. Hapo tunaingia eneo jirani. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliwapa watu mafumbo ya hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa. Waliopitia angalau sekunde 15 za usingizi ule mwepesi wa mwanzo waliigundua kwa asilimia 83. Waliobaki macho walifikia asilimia 30, na waliozama kwenye usingizi mzito zaidi waliishia asilimia 14. Sitaki kuyageuza matokeo hayo kuwa maelezo ya koncheto, maana fumbo la hesabu ni jambo dogo na usinziaji ule haukuwa hipnosisi. Yanaonyesha tu kwamba mpakani mwa kulala akili huunganisha mambo ambayo ikiwa macho huyaacha mbalimbali.

Imebaki sehemu ya kwanza ya koncheto, ile inayoanza na mapigo mazito ya piano peke yake, yakipanda polepole kama kengele za kanisa la Kirusi. Hiyo aliimaliza mwisho. Siku tano hivi kabla ya onyesho kamili, rafiki yake Nikita Morozov alimkosoa kwa barua, na Rachmaninoff akamjibu kwamba ana haki: sasa aliiona dhamira yake ya kwanza kuwa kama utangulizi tu, na sehemu nzima kuwa imeharibika. Mwaka mmoja na nusu baada ya kauli za Dahl, hakimu alikuwa amerudi na faili lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tarehe 27 Oktoba 1901 kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, yaani 9 Novemba kwa kalenda yetu, aliipiga Moscow yeye mwenyewe, binamu yake Alexander Siloti akiongoza okestra. Mwaka 1904 ikampatia Tuzo ya Glinka.

Hipnosisi, basi, haikumwondolea shaka. Ilimpa nafasi ya kutunga kabla shaka haijafika, na kila mara nafasi hiyo ilibidi itafutwe upya. Baada ya kuihama Urusi mwaka 1917 alibanwa na maonyesho ya piano ili kulisha familia, na tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1943 alimaliza kazi mpya sita tu zenye namba. Safari hiyo hakukuwa na daktari. Alijenga nyumba kando ya Ziwa Lucerne, Uswisi, akaiita Senar, na humo, Julai na Agosti 1934, akaandika Rapsodia juu ya dhamira ya Paganini.